2147483647: namba iliyoambiwa haina kazi

Chukua simu, fungua kikokotoo, andika 2147483647. Ni bilioni mbili na milioni mia moja arobaini na saba na ushee. Sasa jaribu kuigawanya. Kwa 3, inakataa. Kwa 7, inakataa. Kwa 11, kwa 13, kwa 311, unapata desimali tu. Unaweza kukaa hapo mpaka stima zipotee na zirudi, na bado hautapata namba ya kuigawanya bila baki, isipokuwa 1 na hiyo namba yenyewe.

Namba ya aina hii inaitwa namba tasa. Hilo jina hunichekesha kidogo. Tasa ni yule asiyezaa, na hizi ndizo zinazozaa zingine zote. 12 ni 2 mara 2 mara 3. 35 ni 5 mara 7. Ukichukua namba yoyote ya kawaida na kuivunjavunja hadi mwisho, unakuta tasa zimekaa pale chini kama mawe ya msingi. Aliyezipa jina alikuwa anaangalia upande mmoja tu.

Leo nataka hii moja, na nitawaambia kwa nini. Mwaka wa 1811 mwalimu wa hesabu Uingereza, Peter Barlow, alichapisha kitabu cha nadharia ya namba. Ndani yake akasema 2147483647 ndiyo tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, na kwamba namba kamilifu inayojengwa juu yake (nitaeleza hiyo ni nini) pengine haitawahi kupitwa. Sababu yake? Hivi vitu ni vya kuridhisha udadisi tu, havina faida, kwa hivyo hakuna mtu atajisumbua kutafuta zaidi.

Miaka zaidi ya 200 imepita. Sahii hiyo namba iko kwa simu yako, iko kwa mifumo ya maduka, iko kwa michezo ya vidio. Kama umewahi kucheza GTA V ukapata pesa mpaka zikakataa kuongezeka, ziligoma kwa dola 2,147,483,647. Ni hii hii.

Lakini ngoja, usikimbie useme "ona, Barlow alikuwa mjinga". Stori yenyewe imepinda kidogo kuliko hivyo, na hiyo sehemu iliyopinda ndiyo inanivutia.

Turudi nyuma. Chukua 2, izidishe yenyewe mara kadhaa, halafu toa 1. Ukitumia 2 mbili unapata 4, toa 1, ni 3. Ukitumia tatu unapata 7. Tano, 31. Saba, 127. Zote hizo ni tasa. Watu walijua zamani kwamba idadi ya hizo 2 lazima yenyewe iwe tasa, la sivyo jibu linagawanyika. Shida ni kwamba hiyo haitoshi. Ukitumia 2 kumi na moja, unapata 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Kwa hivyo zingine zinakubali, zingine zinakataa, na ukiangalia kwa macho huwezi kujua.

Mtaliano Pietro Cataldi, mwanzoni mwa karne ya 17, alisema 2 ishirini na tatu zinakubali, na 29, na 31, na 37. Alikosea 23, akakosea 29, akakosea 37. Ya 31 akapata, lakini ukiona mtu amekosa tatu kati ya nne, hiyo moja utaiita nini kama si bahati?

Mwaka wa 1644 akaja mtawa Mfaransa wa Paris, Marin Mersenne, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Akaandika orodha: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Ati hadi kufikia 257, ni hizo tu zinazotoa tasa. Sasa fikiria. 2 ikizidishwa mara 257 ni namba ya tarakimu 78. Mwaka wa 1644 hakuna kompyuta, hakuna kikokotoo, kuna mshumaa na kalamu ya manyoya. Hakuna mtu duniani angeweza kupima zote. Lakini Mersenne alikuwa anaandikiana barua na wasomi wakubwa wa Ulaya yote, jina lake lilikuwa na uzito, na orodha ikakaa vitabuni ikinukuliwa.

Ilikuwa na makosa matano. 67 na 257 hazifai kuwa pale. 61, 89 na 107 zilifaa kuwa pale na hazipo. Kumaliza kuipima yote kulichukua mpaka 1947, yaani miaka 303. Nikisikia mtu anasema "hii imeandikwa kitabuni" kana kwamba mjadala umeisha, huwa nawaza hiyo orodha.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1770, 2147483647 ilikuwa inaaminika tu. Watu wawili maarufu wameisema. Mmoja amekosea zingine zake nyingi, mwingine hajaonyesha hesabu. Nani atapima?

Aliyepima ni Leonhard Euler, na wakati huo hali yake ilikuwa hivi: yuko St. Petersburg, Urusi, amepita umri wa miaka 60. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika miaka mingi iliyopita. La kushoto likaingia mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, likazidi kuharibika. Mwaka wa 1771 moto mkubwa ulipita mjini ukachoma nyumba yake, akaokolewa akiwa haoni njia. Na mwaka uliofuata, 1772, anaandika barua kwa Bernoulli mmoja, wa ile familia ya Basel iliyojaa wanahisabati, akieleza kwamba 2147483647 ni tasa na hivi ndivyo amejua. Hesabu alikuwa anafanya kichwani na kuwaambia wengine waandike.

Alivyofanya ndiyo sehemu ninayopenda zaidi, kwa hivyo nivumilieni.

Njia ya mtu wa kawaida ni kugawanya kwa kila tasa. Hauhitaji kufika mwisho. Ukifika 46340 unaweza kusimama, kwa sababu 46341 mara 46341 tayari inapita namba yetu. Kama kuna mbili zinazozidishana kuitoa, moja lazima iwe ndogo kuliko hapo. Lakini tasa zilizo chini ya 46340 ni zaidi ya 4,700. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,700 kwa mkono, na ukikosea moja kazi yote imeharibika. Kwa mzee asiyeona, sahau.

Euler akauliza swali tofauti: kama kuna tasa inayoigawanya, lazima iweje? Kutoka kwa Fermat, aliyekuwa amemtangulia kwa karne moja, alijua kwamba tasa yoyote inayogawanya hii namba lazima ibakishe 1 ukiigawanya kwa 31. Akaongeza sharti lingine: ukiigawanya kwa 8, lazima ibakishe 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili na zinabaki namba za aina mbili tu duniani, zile zinazobakisha 1 ukigawanya kwa 248, na zile zinazobakisha 63. Zingine zote hazina haja ya kuguswa. 3, 5, 7, 11, 13, zote nje. Hata kugawanya kwa 3 tulikofanya pale mwanzo kulikuwa kupoteza muda.

Orodha inaanza 63, 249, 311, 497, 559, 745, hivyo hivyo. Ziko kama 370 hivi hadi kufikia 46340, na nyingi zake zenyewe si tasa (249 ni 3 mara 83, toa). Ukichuja zinabaki zisizofika 100. Ya kwanza kupimwa ni 311. Fanya kwa simu yako: 311 mara 6905092 ni 2147483612, inabaki 35. Imekataa. Inayofuata ni 1303, halafu 1489, unaendelea mpaka mwisho. Zote zinakataa. Imeisha.

Kutoka 4,700 hadi chini ya 100. Mwili umechoka, macho yameenda, nyumba imeungua, na mtu anapunguza kazi mara hamsini kwa kukaa tu akafikiria kabla ya kuanza. Mimi kila nikirudia hii hesabu nasisimka, na sijali nani atasema nini.

Sasa namba kamilifu. Chukua 6. Namba zinazoigawanya, ukiacha yenyewe, ni 1, 2 na 3. Jumlisha: 6. Chukua 28: 1, 2, 4, 7, 14. Jumlisha: 28. Hizo ndizo kamilifu, na Euclid kule zamani za Wagiriki alishaonyesha kwamba kila ukipata tasa ya ule mtindo wa 2-toa-1, unapata kamilifu moja papo hapo. 3 inazaa 6, 7 inazaa 28, 31 inazaa 496. (Tasa inazaa, mnaona?) Yetu inazaa 2305843008139952128, ya nane kwa mpangilio, tarakimu 19. Hiyo ndiyo Barlow alisema pengine haitapitwa milele.

Nimtetee Barlow kidogo. Hakuwa mtu wa kudharau hesabu. Alifundisha miaka mingi katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Majedwali yake ya mizizi na vipeo, ya 1814, yalitumiwa na wahandisi hadi karne ya 20. Kuna lenzi ya darubini yenye jina lake ambayo wapenzi wa nyota wanainunua hadi leo. Alikuwa mtu wa vitu vinavyofanya kazi, na kwa macho ya mtu kama huyo, mwaka wa 1811, kukaa na namba ya tarakimu 19 inayojumlishika vizuri ni mchezo. Na alikuwa sawa. Ilikuwa mchezo. Alichokosea ni kudhani kwamba watu huacha kucheza wakiambiwa haina faida.

Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha ile ya 2 mia moja ishirini na saba, tarakimu 39, kwa mkono. Njia yake ilikuja kunyooshwa na Mmarekani Derrick Lehmer miaka ya 1930, na ni rahisi mpaka inaudhi. Anza na 4. Izidishe yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayopima, chukua baki. Rudia. Tupime 31, ambayo ina 2 tano, kwa hivyo tunarudia mara tatu, yaani mbili pungufu. 4 mara 4 toa 2 ni 14. 14 mara 14 toa 2 ni 194, gawanya kwa 31, baki 8. 8 mara 8 toa 2 ni 62, gawanya kwa 31, baki 0. Ukipata sifuri, ni tasa. Kwa namba yetu ungerudia mara 29 tu. Hii njia ndiyo imezaa rekodi karibu zote za karibuni; ya sasa, iliyotangazwa Oktoba 2024, ni 2 mara 136,279,841 toa 1, na ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani, akiwa katika mradi wa watu wanaotoa kompyuta zao zitafute, ulioanza 1996. Karibu wote wanafanya bila malipo. Barlow, hao ndio waliojisumbua.

Basi 2147483647 iliingiaje kwa simu yako?

Kompyuta inahesabu kwa 1 na 0. Kwa miaka mingi sehemu ya kawaida ya kuweka namba nzima ilikuwa na nafasi 32. Nafasi moja inaonyesha kama ni chanya au hasi, zinabaki 31. Jaza hizo zote na 1 na unapata namba kubwa kabisa inayoweza kukaa pale, ambayo ni 2 thelathini na moja toa 1. Ni sakafu ya juu, hakuna ngazi nyingine. Ukijaribu kuongeza 1, zile 1 zote zinageuka 0 na moja inaruka kwa ile nafasi ya alama, na sasa mashine inasoma hasi 2147483648. Ni kama mita ya gari inayofika 999999 halafu inarudi sifuri, ila hii hairudi sifuri, inaanguka chini ya shimo.

Hapa kwetu kuna mahali hii namba huonekana ambapo sidhani Euler angewaza. Mtu anatengeneza mfumo wa wateja wa duka au sacco. Anaunda jedwali kwa MySQL, na kwa safu ya namba ya simu anachagua aina ya namba nzima ya kawaida, kwa sababu simu si ni namba? Akijaribu na 0712 na kadhalika, sifuri ya mbele inapotea lakini zingine zinakaa, anaona ni sawa tu. Halafu wateja wanaanza kuingia na 254 mbele. Tarakimu kumi na mbili. Hazitoshi. Kama mfumo haujawekwa uwe mkali, haulalamiki kwa sauti. Unaandika ile kubwa kabisa inayotosha. Ukifungua jedwali unakuta wateja mia nne, wote wana simu moja: 2147483647. Ukiiona hiyo kwa orodha ya simu, usimpigie.

Na kuna ile ya YouTube, ambayo sisi tunaoishi kwa kuhesabiwa watazamaji tunaikumbuka. Desemba 2014 YouTube walisema "Gangnam Style" ya PSY imepita 2147483647, na kwamba walipotengeneza kihesabio hawakudhani kuna vidio itafika hapo. Walishahamia nafasi 64. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo, kwa taarifa yenu, si tasa. Inagawanyika kwa 7.

Ya kutisha zaidi ni ya Boeing 787. Mwaka wa 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa amri kwa wenye hizo ndege, na Kenya Airways walikuwa tayari wanazirusha. Katika maabara ilionekana kwamba ndege ikikaa na umeme bila kuzimwa siku 248, kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kinafurika na umeme wote wa jenereta unaweza kukatika kwa pamoja, hata angani. Suluhisho la muda lilikuwa lile lile la fundi wa simu: zima, washa. Kwa nini 248? Hesabu mwenyewe. Sekunde igawe mara 100, uhesabu hivyo vipande hadi 2147483647, unapata siku 248 na nusu. Na ndiyo, 248 ndiyo ile ile ya Euler kwa ungo wake. Hapo ni bahati mbaya ya namba kufanana tu, msianze kunitumia nadharia.

Saa za kompyuta nyingi nazo zinahesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Zile za nafasi 32 zitafika 2147483647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Sekunde inayofuata, saa ambayo haijarekebishwa itasema ni Desemba 1901, mwezi ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu. Simu mpya na kompyuta mpya hazina shida. Mimi nawaza vile vijisanduku vilivyofungwa ukutani miaka mingi iliyopita na fundi ambaye sasa hata hapatikani.

Sasa ile sehemu iliyopinda.

Watu wakisimulia hii stori huimalizia hapa: Barlow alisema haina kazi, tazama sasa, Euler kashinda. Mimi naona huo ni uvivu. YouTube haikujali kama hiyo namba ni tasa. Boeing hawakujali. Kikomo kiko pale kwa sababu nafasi ni 31, na kingekuwa pale hata kama Euler angepata kwamba inagawanyika. Namba imekuwa maarufu kwa sababu moja, na Euler aliifanyia kazi kwa sababu nyingine kabisa. Ukitetea hesabu kwa mfano ambao haushikani, atakuja mtu mkali akuulize swali moja na utanyamaza.

Mahali utasa wake unafanya kazi kweli ni padogo na hapaonekani. Kompyuta haijui kubahatisha. Ukiiambia ichague namba ovyo, kwa mchezo au kwa majaribio ya kisayansi, lazima ipewe kanuni. Mwaka wa 1951 yule yule Lehmer alipendekeza: chukua namba, izidishe kwa nyingine maalum, gawanya kwa kubwa fulani, chukua baki. Mwaka wa 1988 Park na Miller wakapendekeza kiwango cha chini ambacho kila mtu anaweza kutumia: zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647. Anza na 1. Unapata 16807, halafu 282475249, halafu 1622650073. Zinaonekana zimerushwa ovyo kabisa. Na kwa sababu namba ya kugawanyia ni tasa na 16807 imechaguliwa vizuri, utapita kwa kila namba kutoka 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, kabla haujarudi ulipoanza. Badilisha uweke 2147483648, ile iliyo juu yake kwa moja, na mambo yanaharibika: zinajirudia mapema zaidi, na ukianza na 1 hautawahi kuona namba shufwa hata moja.

Hapo Euler anahusika moja kwa moja. Bila uthibitisho wa 1772, hiyo ahadi ya kupita kila namba haina msingi. (Msitumie hiyo kanuni kwa mchezo wa pesa. Ukiona jibu moja unajua linalofuata, umeona nimelihesabu hapo juu kwa mkono.)

Mnakumbuka 2025 ilivyokuwa hapa, hesabu itakuwa ya hiari sekondari ya juu, halafu wizara ikageuka ikasema kila mwanafunzi atasoma hesabu ya aina fulani. Pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya kitu kimoja, itamsaidia mtoto na nini. Mimi niliacha chuo, na hilo swali nimeulizwa upande huu na upande ule: ulisomea nini kama uliacha, na kwa nini bado unasoma kama uliacha. Sina jibu la mshahara. Ninachoona kwa hii stori ni kwamba kutoka Euler hadi Lehmer ni karibu miaka 180. Kama angepeleka ombi la pesa akiulizwa faida, angesema nini? Angedanganya, ama angenyamaza. Alikuwa na sababu yake na ilitosha: kuna kitu kinasemwa na wakubwa miaka 128, hakuna aliyekihakikisha, na yeye alikuwa na njia.

Nimalizie na hii, kwa sababu inahusu ile njia.

Angalia: 2 tano toa 1 ni 31. 2 thelathini na moja toa 1 ni namba yetu. Tasa inatoa tasa inatoa tasa. Je, ukichukua 2 zenyewe 2147483647, uzizidishe, utoe 1, utapata tasa nyingine? Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Ni zaidi ya mara kumi na tano ya rekodi ya sasa. Kuipima kwa njia ya Lucas, mashine za leo hazifiki karibu.

Lakini rudi kwa swali la Euler: kama kuna tasa inayoigawanya, lazima iweje? Lazima ibakishe 1 ukiigawanya kwa 2147483647. Kwa hivyo chukua 2147483647, izidishe kwa 2, kwa 4, kwa 6, ongeza 1 kila mara, pima moja baada ya nyingine. Laptopu ya kawaida inatosha. Ukifika 137490 unapata 295257526626031, na hiyo inagawanya lile jitu la tarakimu milioni 646 bila baki.